Kupima protini za uvimbe wa utumbo mpana ukiwa Malindi: kipi ulipie, kipi uache

Kituo tunachokipitia hapa kiko Malindi mjini, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hospitali ya kaunti ndogo, na chenyewe hakipimi kitu. Kinapokea kinyama kilichokatwa kwenye utumbo mpana au rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo huo), kinakituma kwenye maabara kubwa Nairobi, kisha kinaleta majibu. Jina lake tumeliacha makusudi, maana uzuri na kasoro zake utazikuta kwenye vituo vingi vya namna hii pwani nzima. Mteja anayeingia pale ananunua jibu la swali moja: uvimbe huu utazikataa dawa zipi?

Kwenye orodha yao ya bei kuna kipimo kimoja cha protini ambacho kila mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anastahili kukilipia, nacho ni cha protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Vingine viwili vitatu vina mahali pake. Vilivyobaki ni mapambo. Na hata hicho kimoja ni pesa ya bure ikiwa kinyama kimeharibikia Malindi kabla hakijapanda basi.

Protini hizo nne ni mafundi wa kusahihisha. Seli inaponakili DNA yake hukosea hapa na pale, nazo hupita nyuma zikirekebisha. Zinafanya kazi wawiliwawili: MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Zikikosekana, makosa yanarundikana na uvimbe unakuwa wa tabia nyingine mbele ya dawa. Katika saratani 100 za utumbo mpana, 15 hivi ziko namna hiyo. Kwa zile zilizokwisha kusambaa, ni 5 hivi.

Faida yake inategemea ugonjwa umefika wapi. Ugonjwa ukiwa hatua ya pili, mgonjwa ambaye uvimbe wake umekosa protini hizi hafaidiki na 5-FU, dawa ya kemo, peke yake, wala capecitabine ya vidonge ambayo mwilini hugeuka 5-FU. Mara nyingi anaachwa bila kemo baada ya upasuaji, na hapungukiwi kitu. Hatua ya tatu ni habari nyingine: oxaliplatin inaongezwa na kemo inaendelea, kwa hiyo mtu asisome «protini zimekosekana» akaikimbia dripu. Ugonjwa ukisambaa, mambo yanageuka kabisa. Utafiti wa KEYNOTE-177, uliotoka mwaka 2020, ulikuwa na wagonjwa 307 wa aina hii. Kwa nusu ya waliopewa pembrolizumab, tiba ya kinga (inayoamsha kinga ya mwili ishambulie uvimbe), ugonjwa ulikaa bila kusonga miezi 16.5 au zaidi. Kwa wa kemo ilikuwa miezi 8.2. Hata hivyo, kwa karibu 3 katika kila 10 waliopewa tiba ya kinga, uvimbe uliendelea kukua tangu mwanzo. Usugu upo huku pia. Kwa rektamu, mwaka 2022 madaktari wa New York walitoa taarifa ya dostarlimab, nayo ni tiba ya kinga: wagonjwa 12 wa kwanza kumaliza dozi, wote 12 uvimbe ulitoweka, bila kisu wala mionzi. Idadi ni ndogo, lakini hakuna daktari wa rektamu anayeweza kuipuuza.

Upande wa pili wa jibu ndio unaookoa pesa hapa kwetu. Protini zote nne zikiwapo, tiba ya kinga peke yake kwa uvimbe uliosambaa karibu haifanyi kitu. Familia zinapigiwa hesabu ya dawa hizo, na kabla ya wiki kwisha shamba la minazi limeshapata mnunuzi. Kama ripoti ya protini nne haijaonekana, shamba lisiguswe.

Mlangoni

Tuanze pale kinyama kinapoharibikia, maana ni hapa Malindi. Kituo kinatoa chupa za fomalini, dawa ya kukihifadhi kinyama kisioze, bure, jambo zuri, na fomalini yenyewe ni sahihi: asilimia 10 yenye bafa. Anayetaka kuitengeneza hospitalini kwake achukue mililita 100 za fomalini kali ya dukani (ile ya asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodium dihydrogen phosphate monohydrate na gramu 6.5 za disodium hydrogen phosphate isiyo na maji. Chumvi hizo mbili si za hiari. Fomalini isiyo na bafa hugeuka asidi taratibu, na kinyama kinajaa punje nyeusi za kahawia ambazo chini ya darubini zinamchanganya msomaji, kwa sababu rangi ya kipimo nayo ni kahawia. Fomalini kali bila kuichanganya na maji ni mbaya vilevile: inakausha ngozi ya nje ya kinyama, na ndani kunabaki kubichi.

Kasoro ni ukubwa wa chupa. Ni za mililita 30, zinatosha vipande vidogo vya kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo) tu. Fomalini inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama kwa uchache, na 20 ikiwezekana. Tumeona kipande cha utumbo chenye urefu wa kiganja kimekunjwakunjwa ndani ya chupa kama hiyo, fomalini imelowesha kifuniko tu. Fomalini inapenya milimita moja hivi kwa saa mwanzoni, kisha inazidi kupunguza mwendo. Utumbo uliofungwa, wenye kinyesi ndani, utaoza katikati huku nje unang'aa. Wa thieta waupasue kwa urefu upande usio na mafuta ya kushikilia, wauoshe, waubandike kwa pini kwenye kipande cha povu, waugeuze kifudifudi kwenye ndoo ya lita 5 yenye mfuniko. Ndoo kituo hakitoi. Inunue sokoni mwenyewe, ioshe, uandike jina la mgonjwa kwenye ndoo yenyewe, si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana.

Kuanzia kukatwa hadi kuingia fomalini isizidi saa moja. Kukaa humo: saa 6 kwa uchache, 72 mwisho. Hesabu hii inashindwa kila Ijumaa. Kinyama kikikatwa Ijumaa saa nne asubuhi, kituo kinakifungia hadi basi la Jumatatu usiku, na Nairobi kinaguswa Jumanne asubuhi. Hapo zimepita zaidi ya saa 90. Kipimo cha protini kinaweza kuhimili, lakini DNA inakatikakatika na kipimo cha jeni ndicho kinachoumia. Dawa yake ni moja: kolonoskopi za kutafuta saratani zifanyike Jumatatu hadi Jumatano, au kinyama kipelekwe kwanza Mombasa kikafanywe bloku ya nta, yaani kizamishwe ndani ya kipande cha nta. Kikishakuwa bloku, haraka imekwisha.

Spiriti ya kidonda si mbadala. Saline si mbadala. Hili lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa linarudi kila mara.

Kwa wanaoleta kutoka Lamu safari ni ndefu: mashua hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen. Chupa ifungwe kifuniko, izungushiwe utepe, iingie kwenye mfuko wa plastiki wenye pamba ya kunyonya, mfuko uingie kwenye kopo gumu, lisimame wima. Barua ya daktari ikae nje ya mfuko wa plastiki. Barua iliyolowa fomalini haisomeki, na kinyama kisicho na barua kinasubiri kwenye rafu hadi mtu apige simu. Anayetaka kutuma kwa ndege aulize kwanza, maana fomalini inaweza kuwekewa masharti. Bloku ya nta haina.

Fomu yao ina kosa kubwa kuliko la chupa. Haina mahali pa kuandika saa ya kukata na saa ya kutia fomalini, wala haiulizi kama mgonjwa ameshapata mionzi au kemo. Swali la pili si urasimu. Rektamu ikishapigwa mionzi, MSH6 inaweza kufifia au kubaki vidoa ndani ya kiini cha seli, msomaji akadhani imekosekana, na mgonjwa akaingizwa kwenye kundi lisilo lake. Kwa rektamu, pima kile kinyama cha kwanza cha kolonoskopi, kabla ya mionzi. Omba vipande 6 hadi 8, vya pembeni mwa uvimbe. Katikati mara nyingi pamekufa, na nyama iliyokufa haina la kusema. Mambo haya yote yaandike kwa mkono kwenye nafasi tupu ya fomu. Wale wa mapokezi hawakatazi.

Ripoti

Maabara ya Nairobi inafanya kazi safi, na hapa kituo kinastahili sifa kwa kuichagua. Wanakata nta kwa unene wa maikroni 4, wanatumia slaidi zenye chaji (za kawaida huachia nyama wakati wa kuchemshwa), wanapasha kwenye bafa karibu na nyuzi 100, ndipo kingamwili, kitu kinachonasa protini inayotafutwa, inapowekwa. Ikishika, inaacha rangi ya kahawia kwenye kiini. Isiposhika, kiini kinabaki na buluu ya hematoksilini, rangi ya usuli.

Ripoti nzuri inakuwa na mistari minne, protini moja kwa mstari, na kila mmoja unasema «imebaki» au «imekosekana», pamoja na neno juu ya kidhibiti cha ndani. Hicho kidhibiti ndicho wengi wanachokiruka. Ni limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) na seli za kawaida zilizo karibu na uvimbe kwenye slaidi ileile. Kama hizo ni kahawia na uvimbe ni buluu, protini imekosekana kweli. Kama zote ni buluu, kipimo kimeshindwa, na aghalabu ni kwa sababu ya fomalini. Ripoti ikisema «imekosekana» bila kutaja kidhibiti, irudishe. Neno «hasi» likiwa peke yake nalo lirudishe. Hatujui ni protini iliyo hasi au ni ugonjwa.

Mipangilio inayoeleweka ni michache. MLH1 na PMS2 zikikosekana pamoja, tatizo ni MLH1, maana PMS2 haisimami bila mwenzake. MSH2 na MSH6 pamoja, tatizo ni MSH2. PMS2 peke yake au MSH6 peke yake inawezekana. MLH1 na MSH6 zikikosekana huku wenzao wapo, huo ni mpangilio wa kutiliwa shaka: kwanza uliza kama slaidi hazikubadilishana. Vidoavidoa vya MLH1 kwenye kiini navyo si rangi ya kuhesabiwa. Kwa upande mwingine, usitishwe na rangi hafifu. Sehemu ya uvimbe ikionyesha kahawia ya wazi kwenye kiini, protini imebaki.

Kuna njia ya kupunguza gharama ambayo kituo hakiitangazi, ila ukiomba wanakubali. Anza na mbili tu, PMS2 na MSH6. Kwa kuwa kila mmoja huanguka mwenzake akianguka, mbili hizo zinakamata karibu wote. Zikibaki zote mbili, umemaliza kwa nusu ya kingamwili. Ikikosekana moja, ongeza mwenzake. Sharti ni bloku ibaki na nyama ya kutosha, basi mwambie mpatholojia, daktari anayesoma kinyama, mapema asiikate yote.

Kipimo hiki kinakosa pia. Zipo jeni zilizoharibika ambazo bado zinatengeneza protini; haifanyi kazi lakini inashika rangi. Mgonjwa wa miaka 32 mwenye mama na mjomba waliougua, protini zake nne zikiwapo zote, asiachiwe hapo. Bloku iende kwenye kipimo cha maikrosatelaiti, vipande vya DNA vinavyojirudia ambako makosa hayo huonekana.

Vilivyobaki kwenye orodha

RAS si protini ya kupakwa rangi, ni jeni (KRAS na NRAS), lakini ipo kwenye orodha hiyo na kwa ugonjwa uliosambaa ni ya lazima. Karibu nusu ya uvimbe una mabadiliko ya KRAS au NRAS, na huo hautasikia cetuximab wala panitumumab, dawa zinazolenga protini ya EGFR juu ya seli, hata ukipewa kwa mwaka mzima. Angalia ripoti imepima nini. Iliyopima KRAS kodoni 12 na 13 tu (sehemu mbili ndogo za jeni) ni ya kizamani. Zinatakiwa eksoni, yaani vipande vikubwa vya jeni, 2, 3 na 4, za KRAS na za NRAS. Mpatholojia azungushie kalamu mahali penye seli nyingi za saratani kabla ya kukwangua. Wakikwangua ukuta mzima wa utumbo, seli za kawaida zitaufunika ubaya na jibu litatoka safi kwa uongo.

BRAF V600E, badiliko kwenye jeni nyingine, inaweza kupimwa kwa jeni au kwa kingamwili ya VE1, ambayo rangi yake hukaa nje ya kiini. Ina kazi mbili. MLH1 ikikosekana na BRAF ikawa na badiliko hilo, uvimbe karibu hakika haukurithiwa. Na kwa ugonjwa uliosambaa ni dalili ya ukaidi: kemo ya kawaida haidumu.

HER2, protini nyingine ya juu ya seli, ipakwe rangi kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umesambaa na RAS yake ni safi, si kwa kila mtu. Ikizidi, nayo inaleta usugu kwa cetuximab. Mtego ni kwamba maabara nyingi zimeizoea HER2 ya titi, ambako rangi kali katika zaidi ya asilimia 10 ya seli inatosha. Kwa utumbo mpana, kigezo kilichotumika kwenye utafiti wa HERACLES ni rangi kali katika asilimia 50 ya seli au zaidi. Ripoti ya kituo hiki haikutaja kigezo. Uliza.

Sasa mapambo. EGFR inauzwa kwa jina kubwa, kwa hoja kwamba cetuximab inashika EGFR. Hoja ni tamu, lakini wagonjwa ambao EGFR yao haikuonekana kabisa nao waliitikia dawa, na walioonyesha rangi kali wengi hawakuitikia. Kuna kifurushi kinachoitwa cha «usugu wa kemo», chenye protini za ERCC1 kwa oxaliplatin na thymidylate synthase kwa 5-FU. Zimetafitiwa miaka mingi, na matokeo yanapingana kiasi kwamba hakuna mwongozo mkubwa unaomruhusu daktari kubadilisha kemo kwa ajili yake. Fedha hiyo iweke kwa nauli ya Mombasa. p53 na Ki-67 zinapendeza kwenye picha.

DPYD, jeni ya kuivunja 5-FU mwilini, haimo kwenye orodha, na ingefaa iwemo kuliko hizo zote. Haibashiri usugu, inabashiri nani 5-FU itamdhuru vibaya kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja.

CEA ya damu, protini ambayo uvimbe huitoa, inapatikana hapahapa Malindi. Haichagui dawa, inafuatilia tu. Ipime kabla ya upasuaji, kisha kila mara kwenye maabara ileile, maana mashine mbili hutoa namba mbili. Mvutaji sigara huwa juu kidogo bila saratani. Na ikipanda ndani ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo za kemo, usiite usugu bado. Seli zinazokufa zinaweza kuimwaga kwenye damu, kisha ikashuka.

Jamaa

Protini ikikosekana na BRAF ikawa safi, au ikiwa ni MSH2, MSH6 au PMS2 peke yake, fikiria ugonjwa wa Lynch, ambao hurithiwa. Hapo ripoti si ya mgonjwa tena, ni ya nduguze na wanawe: kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Kolonoskopi kwa waliorithi MLH1 au MSH2 huanza umri wa miaka 25 hivi na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili. Wanawake waulizwe pia habari ya tumbo la uzazi. Kituo kinakabidhi bahasha na kwaheri. Angalau kikaratasi cha kumwelekeza mtu kwa daktari kingetiwa ndani.

Na kwetu pwani, ambako ndoa za binamu si ngeni, msomaji wa slaidi aweke jambo moja akilini. Mtoto au kijana aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama atakosa protini hiyo mwili mzima, hata kwenye seli za kawaida. Kidhibiti cha ndani kitakuwa buluu. Kabla ya kulaumu fomalini, tazama protini za jozi nyingine kwenye nyama ileile: zikishika vizuri, tatizo huenda si chupa.

Majibu ya protini nne huchukua kama wiki mbili, ya jeni zaidi ya hapo. Yanakuja kwa simu kwanza, kisha karatasi. Ile picha ya simu hukatwa ukingoni, na mstari wa kidhibiti ndio unaopotea, subiri karatasi. Vijana wa mapokezi ni wastaarabu na wanajibu ujumbe hata jioni. Uliza bei ikiwa imegawanywa: usafiri, bloku, kila kingamwili peke yake. Ukitajiwa jumla moja, EGFR imo humo.

Bloku haitarudi usipoiomba, na ombi liandikwe kwenye fomu siku ileile ya kupokea. Ikirudi, iweke kwenye kasha kavu chumbani mbali na dirisha. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 56 hadi 60, na dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani hapa mwezi wa Februari haiko mbali na hapo. Slaidi tupu zilizokatwa tayari usizikubali badala ya bloku. Nyama ikishakatwa inachakaa, na baada ya wiki chache rangi inaanza kufifia kwenye protini ambayo mgonjwa bado anayo.